Shida Iko kwa Athi

Atieno nyaminwa,

Kosa ambalo watu wengi hufanya geji ya chombo inapoanza kudanganya ni kuing'oa na kununua nyingine. Geji mpya hufungwa, hung'aa, na baada ya siku chache hudanganya kama ile ya kwanza, kwa sababu anayeidanganya bado yuko palepale. Geji ni kipimo cha mshale tu; haioni mafuta wala haijui joto la injini. Yenyewe husema kile ilichoambiwa.

Nimetanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu najua barua hii utaisomea chama chote, na wapo watakaosikiliza mistari ya kwanza tu kisha waanze kuongea. Sasa nikusalimu, dada yangu. Mguu wako unaendeleaje? Je, ule uvimbe umepungua, au bado unapanda kilima na ndoo kichwani ukisema ni mguu wa mtu mwingine? Sisi huku Kitengela tuko salama. Vumbi limezidi, mvua imetukwepa, na wifi yako amepanda sukuma wiki ndani ya magurudumu makuukuu na kuimwagilia maji ya kufulia. Inaota.

Ukiishika karatasi hii, boti ya chama nayo utakuwa umeiona. Dereva aliyeivuta ni mtu wa Kajiado, mpole, na nimemwagiza asimpe mtu mwingine barua hii ila wewe. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ndiyo iliyotuletea haya yote.

Basi nimalize kwanza habari ya Athi. Siku ile ulipopiga, mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya dashibodi, nikamwomba fundi Wanjiru akujibu. Wanjiru ni fundi wa umeme wa magari hapa kwetu, na kazi hii tumeifanya pamoja. Nilimsikia kwa masikio yangu akikwambia, "Mama, usijali, tumeipata. Shida iko kwa athi. Imeshikwa..." na mtandao ukakatika. Maneno yaliyobaki mdomoni mwake yalikuwa "na kutu". Imeshikwa na kutu. Lakini huko kisiwani mkasikia kwamba boti imeshikwa Athi, na nimeambiwa kwamba kufikia jioni ilikuwa imeshikwa na polisi, na asubuhi iliyofuata ilikuwa imeuzwa.

Athi ya mafundi si mto, wala si mji ulio jirani yetu hapa. Ni neno la Kiingereza la ardhi, lililolainishwa na midomo ya gereji. Ni waya ambao umeme hupitia ukirudi kwenye betri baada ya kufanya kazi yake. Kila fundi wa Kitengela hulitamka hivyo, nasi hatukuwahi kuliona ajabu mpaka lilipovuka ziwa.

Mama mdogo alinipigia akaniambia mengine. Kwamba kikao kimeitwa, na kwamba wapo wanaotaka usimamizi wa boti utoke mikononi mwako, kwa kuwa ni wewe uliyekataa iletwe huko moja kwa moja kutoka kwa mwenye hoteli aliyeiuza, ukataka ipite kwangu kwanza. Kwamba Okello, ambaye mmemchagua awe nahodha, alisema mbele ya watu, "Geji ni ya nini? Mimi mafuta nayajua kwa kusikia injini." Nami nataka wote waliokaa hapo wasikie jinsi ulivyokuwa sahihi. Wasomee polepole.

Boti ilipofika kwangu niliiweka kwenye uwanja wa jirani yangu, Mzee Parsimei, kwa sababu lango letu ni jembamba. Wewe unajua boti ni nini. Watu wa huku walikuwa wakisimama na kuitazama kama imeanguka kutoka mbinguni. Mbuzi wa mzee walikipenda kivuli chake siku ya kwanza. Yeye mwenyewe hakukosa neno hata asubuhi moja.

"Supai, mwalimu," alinisalimu kwa Kimaasai. "Hii ng'ombe yako mbona haiamki kwenda kunywa maji?"

"Mzee, inangoja ipelekwe kwao."

"Watu wa kanisa wananiuliza kama umeambiwa kitu. Kama kuna mafuriko, uniambie mapema. Niko na mbuzi wengi."

Tulipowasha ufunguo kwa mara ya kwanza, mishale yote kwenye dashibodi iliamka, na kila mmoja ulikuwa na wazimu wake. Ule wa joto ulisema injini inachemka, na injini ilikuwa haijawashwa kabisa. Ule wa betri ulisema betri inakufa, na betri ni mpya. Ule wa mafuta ulipanda, ukashuka, ukakaa katikati. Mtu mwingine angezing'oa zote tatu pale pale. Mimi mwenyewe mkono uliniwasha.

Wanjiru hakugusa kitu. Alizunguka boti mara moja, akapanda, akakaa kwenye kiti cha nahodha na mikono yake mapajani, kama mtu aliyealikwa. Huyu mama alianza kazi Kajiado mjini kwenye malori ya kubeba maji, yale yanayopasuliwa na barabara mbovu kila wiki, na huko ndiko alikojifunza kutoamini geji wala kuishtaki. Nilimwambia tuanze na ile ya mafuta, kwa kuwa ndiyo uliyoililia. Akaniambia, "Mwalimu, ngoja. Washa taa kwanza."

Nikawasha taa za mbele. Mishale yote mitatu iliruka pamoja. Nikazima, yote ikarudi pamoja. Akacheka.

"Umeona? Watu watatu hawawezi kuwa wajinga kwa wakati mmoja, kwa jambo moja. Kuna mtu amewaambia."

Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na sijawahi kuieleza njia ya pamoja ya umeme vizuri kuliko hivyo. Nikuongezee ya kwangu kidogo, kwa kuwa unajua siwezi kujizuia. Kila geji inahitaji mambo matatu: umeme wa kuingia, njia ya umeme kutokea, na waya unaoleta habari kutoka kwenye tangi au kwenye injini. Habari kila geji ina yake. Lakini njia ya kutokea huwa ni moja kwa zote, zimefungwa kwenye bolti moja nyuma ya dashibodi. Bolti hiyo ikilegea, umeme wa taa unasongamana mlangoni na umeme wa geji, na kila geji inasema uongo. Hiyo ndiyo athi.

Tulifungua dashibodi kwa nyuma. Hapo, Atieno, niliinama nitazame vizuri. Sijui aliyeiunda boti hii alikuwa nani, wala wa nchi gani, lakini alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kila waya una rangi yake na haubadiliki rangi mpaka mwisho. Zimelala sambamba kama nywele zilizosukwa, zimefungwa kwa uzi kila baada ya kiganja, na kila kona zimepinda taratibu zisivunjike. Alifanya hivyo mahali ambapo hakuna abiria angewahi kuchungulia. Wanjiru alipitisha kidole juu yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu alikuwa anajipenda."

Halafu, katikati ya uzuri huo, waya mweusi wa mtu mwingine, umesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe. Ulikuwa wa redio. Zamani boti ilipokuwa ya hoteli, mtu alitaka wageni wasikie muziki, akailegeza bolti ya athi, akachomeka waya wa redio yake, na hakuikaza tena. Redio yenyewe ilishaondoka. Unyevu uliingia, na bolti ikaota kutu ya kijani. Tuliutoa ule waya, tukatoa kebo ya betri, tukasugua bolti na vichwa vya waya kwa msasa mpaka shaba ikaonekana, tukakaza, tukapaka grisi. Wakati huo ndipo ulipopiga simu.

Tulipowasha tena, mshale wa joto ulilala mahali pake, wa betri ukasimama mahali pake, na taa hazikumshtua yeyote. Mzee Parsimei, aliyekuwa ameegemea fimbo yake akitutazama, alisema, "Sasa wamepona wawili. Na huyu wa tatu?"

Kwa sababu wa mafuta ulikuwa bado unasema nusu tangi. Na sisi tulijua, kwa kuwa tulimimina wenyewe, kwamba mle ndani mafuta hayakufika nusu.

Hapa ndipo nilipokukumbuka wewe. Nilikumbuka ile boti ya kukodi ya msimu wa mvua, ulipomsindikiza yule mama mwenye uchungu kwenda hospitali ng'ambo. Geji yake pia ilisema nusu. Nahodha wake naye alisema anajua mafuta kwa sikio, na sikio lilimwambia ukweli injini ilipozima katikati ya maji. Wewe uling'oa ubao wa kiti ukapiga kasia mpaka viganja vikachubuka, ukiimba ili yule mama asisikie kimya. Mtoto alizaliwa mchangani, na yuko hai. Hukuwahi kunisimulia mwenyewe. Nilisimuliwa na wengine. Ulichoniambia ni kimoja tu, siku chama kilipoamua kununua boti: "Kaka, hakuna mama atakayepanda kabla hiyo geji haijasema kweli." Nimeishi miaka mingi na watu waliosoma sana, na wachache kati yao wangejua kushika neno moja namna hiyo wakati kila mtu anawaambia wanachelewesha kazi.

Basi tukaendelea. Tulifungua vifuniko vyote, tukaiacha boti ipigwe upepo, kwa sababu mvuke wa petroli haufai kukutana na cheche. Ufunguo ukiwa umezimwa, Wanjiru alitoa waya wa habari kule juu, kwenye geji, mbali na tangi, akauunganisha na athi. Nikawasha ufunguo. Mshale ukakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo tukajua geji ni nzima, na kwamba maneno mabaya yanatoka chini, kwenye boya dogo linaloelea ndani ya tangi na kupanda na kushuka pamoja na mafuta.

"Boya limekwama," Wanjiru alisema. "Tutafute lingine."

Mzee Parsimei alikuwa ameinama akiitazama boti kwa ubavu. "Mimi sijui hayo mambo yenu," akasema, "lakini huyu analala kama mtu ameshiba. Kichwa juu, tumbo nyuma."

Nilimtazama Wanjiru, naye akanitazama. Nilikuwa nimeipandisha pua ya trela juu ya mawe siku ya kwanza, maji ya kuoshea yatoke nyuma. Mafuta nayo yalifuata njia ileile, yakajikusanya nyuma ya tangi, na boya liko hukohuko nyuma. Lilikuwa likielea juu ya kidimbwi na kutuambia limeona nusu. Halikudanganya hata kidogo. Mtu wa ziwani angeliona hilo mara moja. Sisi wa nchi kavu tuliiegesha boti kama mkokoteni.

"Mwalimu wa fizikia," Wanjiru alisema, "na mawe ni yako."

"Na wewe ulitaka kununua boya."

"Hiyo usiandike kwa barua."

Nimeandika. Tuliweka sufuria ya maji kwenye sakafu ya boti, tukaondoa jiwe moja baada ya jingine mpaka maji yakalingana na ukingo pande zote. Mshale ukashuka wenyewe hadi robo. Mdomo wa tangi umesimama wima, kwa hiyo Wanjiru alichonga ufito mkavu, akauchovya, na unyevu ukafika hapo hapo, robo ya kina cha tangi. Tukaongeza mafuta kidogo kidogo, na kila mshale uliposimama, yeye alikata alama kwenye ufito: robo, nusu, robo tatu. Ufito huo umefungwa chini ya kiti cha nahodha. Usiruhusu mtu auwashie moto.

Sasa nisikilize vizuri hapa, na Okello asikilize. Sisi tumeipima ikiwa imelala sawa juu ya trela. Majini, injini itavuta nyuma chini, na abiria wataivuta wanakokaa. Inawezekana geji ikasema zaidi kidogo kuliko kilichopo. Hilo si ugonjwa. Ni tabia ya chombo, na tabia hujulikana kwa kuishi na mtu. Okello ana sikio zuri, simvunjii heshima, lakini sikio husikia mafuta yakiwa yamekwisha. Ufito husema kabla.

Msalimie mama mdogo, aliyenitunzia habari bila kuongeza chumvi. Msalimie mwenyekiti wa chama, na umwambie kwamba boti haikukanyaga kituo chochote cha polisi. Msalimie yule mama wa mchangani na mtoto wake. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Msalimie Okello, binamu yetu, na umwambie Mzee Parsimei anauliza kama ng'ombe amekubali kunywa maji. Wanjiru anakusalimu pia, na anasema kuanzia sasa akiongea na watu wa ziwani atasema "waya wa kurudi".

Mimi ni kaka yako Owuor, wa huku kwenye vumbi, ninayejivunia kuwa kaka yako. Sasa kunja karatasi hii, ishusheni boti majini, wanachama wakae ndani kama abiria watakavyokaa, kisha uchovye ufito kwenye tangi mbele yao wote na uulinganishe na geji, leo.