Bibi Hakusahau

Ipinda, Kyela
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Beatrice,

Nisamehe, leo salamu zitakuja nyuma kidogo. Nikianza na habari za Dodoma najijua, nitajaza ukurasa na kulikwepa lililonikalisha hapa. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Bibi hakusahau kufunika kakao. Siku ile aliyeachiwa kakao ni mimi.

Basi, shikamoo Shangazi. Habari za huko na kazi yako ya unesi? Neema ameanza vizuri darasa la kwanza? Sisi ni wazima wa mwili. Mvua inanyesha kama unavyoijua, mpunga umeshika vizuri.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya Baba, na Baba akikupigia anaweka sauti ya nje tusikie wote. Mwalimu Odilia, anayetufundisha Kiingereza na kutukimbiza, anakuja Dodoma Jumanne kwenye semina. Nitampa barua hii ikufikie kabla hujapanda basi Ijumaa kuja kumchukua Bibi, mama yako.

Baba alikueleza kwamba nafanya mazoezi ya marathoni ya Mbeya mwezi wa pili, ile nusu, kilomita ishirini na moja. Nilimsikia akijisifu. Hakukueleza kwamba mpaka Krismasi alikuwa amekataza kabisa. Alisema binti wa mzee wa kanisa hawezi kukatiza barabarani na suruali ya kubana. Nikawa naaga kwamba naenda tuisheni. Nilikuwa nafunga kitenge juu ya suruali mpaka nyumba ya mwisho, kisha nakivua na kukificha migombani.

Hezroni wa bodaboda alikuwa akinipigia kelele, "Wewe Dainess, unafukuzwa na nyuki au na mchumba?" Unanijua mimi, nikiulizwa jina langu nanong'ona. Siku moja nikamjibu, "Nafukuzwa na harufu yako!" Wenzake walicheka mpaka akawasha pikipiki akaondoka. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine, na mtu huyo nilimpenda sana. Nadhani ndiyo sababu nilimlinda yeye kuliko nilivyomlinda Bibi.

Ilikuwa Jumamosi, Desemba. Baba na Mama walikwenda msibani Busale. Kakao ilikuwa imekwisha vundikwa, iko juani juu ya turubai siku ya nne, ukiifumbata mkononi inaanza kulia kwa ukavu. Mama alimwachia Bibi. Saa nane Bibi akaniita. Jirani yetu Felista alikuwa amejifungua na Bibi alitaka kwenda kumwona mtoto. Akasema, "Nakuachia kakao. Ukiona wingu limekaa juu ya milima ya Ukinga, usingoje tone la kwanza. Funika." Nikajibu, "Ndaga, Bibi, nimesikia."

Wingu nililiona, Shangazi. Nililiona nikifunga kamba za raba. Kufunika ni kazi ya dakika tano tu. Sikufunika, kwa sababu kakao iliyofunikwa huku jua bado linawaka inaonyesha kwamba hapo nyumbani hakuna mtu, na jirani wa kwanza kupita angeuliza Dainess yuko wapi. Nikaiacha wazi ili nionekane nipo.

Mvua ilinikuta kilomita ya saba, njia ya Matema, ndiyo kwanza nimegeuza. Sijawahi kukimbia vile. Nilipofika, kitenge nimeshajifunga tena, Bibi alikuwa amepiga magoti ndani ya maji anazoa kakao kwa mikono, na Mama amesimama pembeni na kanga zake za msibani. Mama akamuuliza, "Mama, si ulisema utaiangalia?" Bibi hajainua hata kichwa, mimi nikadakia, "Mimi nilikuwa tuisheni. Bibi atakuwa amesahau."

Bibi aliniangalia tu, akaendelea kuzoa.

Kakao iliota ukungu, mnunuzi akaikataa yote. Hilo lingepita. Lakini kuanzia siku ile kila kitu cha Bibi kikawa ugonjwa. Mboga ikizidi chumvi, ni kusahau. Akimwita mdogo wangu Ezra kwa jina la marehemu Babu, kama alivyomwita tangu akiwa mchanga, ni kusahau. Mama akachukua ufunguo wa stoo. Baba akakataza asiwashe moto peke yake. Ndipo akakupigia wewe uje umchukue.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua mchele wawili tu. Akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, hivi siku ile sikukuachia wewe? Au niliota?"

Nikamwambia, "Uliota, Bibi."

Akasema, "Ndaga fijo," akanishukuru kabisa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Tangu hapo anajisemea kila anachofanya: nimefunga mlango, nimefunika maji, nimefunga mlango. Nikimsikia natamani ardhi ipasuke.

Na mimi huku nasifiwa. Mwalimu Odilia alikuja baada ya Krismasi akamlainisha Baba, sasa nakimbia hadharani. Kanisani wamenipa kusoma somo mbele ya watu. Kila mtu anasema Dainess amebadilika, na anayefurahi kuliko wote ni Bibi.

Sanduku lake liko tayari. Jana alinipeleka kwenye kaburi la Babu pale nyuma ya migomba, akanionyesha namna ya kulipalilia bila kuyang'oa maua. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akadhani nalia kwa kumpenda.

Shangazi, tafadhali usije kumchukua. Au njoo, kaa naye, wewe ni nesi, utaona mwenyewe kwamba ana akili zake zote. Mwambie hakuota. Hapana, hilo nimwambie mimi. Najua Baba akisikia, raba zitaisha na Mbeya sitakwenda. Inaniuma, sikufichi. Lakini kama kubadilika kwangu kunataka Bibi afungashe vitu vyake, sikutaki.

Mwanzoni niliiandika barua hii kwa Kiingereza. Ilitoka nzuri, nusu ukurasa, haina aibu hata kidogo. Nikaichana.

Nisalimie Baba Neema na Neema mwenyewe, mwambie raba zangu zikimfaa siku moja nitamletea. Msalimie pia kaka yangu Bryson, anayesoma chuo huko, mtakapoonana. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na ulale vizuri kuliko ninavyolala mimi.

Kuna mtu anakuja ukumbini, nasikia viatu. Tangu asubuhi kila akipita mtu nimeifunika karatasi kwa daftari la Jiografia. Daftari liko hapa mkononi. Nimeliweka chini, sakafuni.

Ni Baba. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia avute kiti na amwite Bibi, nikimaliza kuandika jina langu nawasomea yote.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukuonea haya,

Dainess