Nyama ya Msiba Imefunga Shauri la Ndahani

Alhamisi. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Nimeipangusa karatasi hii mara mbili kabla ya kuanza.

Shauri la kifo cha Ndahani limefungwa. Ameniambia hivyo karani wa boma leo asubuhi, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Sababu aliyoitoa ni kwamba jamaa za marehemu walipokea ng'ombe kutoka kwa msimamizi wa reli, wakamchinja, wakamla. Waliokula wameridhika. Ndivyo ilivyoandikwa kitabuni.

Nina hasira. Nitaiandika kwa utaratibu, maana hasira isiyo na utaratibu haimfai mtu.

Ndahani alikuwa mtu wa Miyuji, baba wa watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kusukuma magari ya kokoto kwenye reli mpya. Jumanne ya wiki iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, gari liliwashinda kwenye mteremko wa Kizota. Wenzake wawili waliruka. Yeye alikuwa ameshika gogo la kuzuia gurudumu, na gogo likavunjika. Taarifa ya msimamizi inasema marehemu alikuwa amelewa.

Nilikwenda kulitazama gari lile siku ileile. Breki haikuwepo. Matundu manne ilipokuwa imefungwa yalikuwa matupu, na ndani yake kutu ilikwisha kuota. Kutu haioti kwa asubuhi moja. Wenzake walinieleza kwamba breki ilifunguliwa na kupelekwa kwenye gari jingine, na hilo likaachiwa gogo, kwa kuwa kazi ilikuwa inachelewa.

Nimeliandikia gazeti la pwani habari za vifo vya reli tangu kazi ilipokuwa bado Morogoro. Sababu ninazoziona ni zilezile: mzigo uliopita kiasi, breki iliyokosekana, mteremko usio na mtu wa kuonya walio chini, haraka. Katika taarifa sababu ni moja tu. Kila marehemu alikunywa. Hakuna gari lililowahi kuwa na kosa.

Sasa hiyo nyama.

Siku ya tatu ya msiba nyapara wa kambi alifika Miyuji akiswaga fahali mweusi. Nyapara huyu mwenyewe ni Mgogo. Alisalimia kwa "Mbukwa", akaketi na wazee, akasema, "Bwana Msimamizi anawapa pole." Hakutaja shauri, hakutaja boma. Anajua, kama ajuavyo kila mtu wa hapa, kwamba mnyama aliyeletwa msibani hakataliwi. Kumkataa ni kumwambia aliyemleta kwamba ndiye aliyeua, na maneno hayo hayasemwi kaburi likiwa bado bichi. Kwa hiyo walimpokea. Kupokea pole si kusamehe, na nyapara analijua hilo pia.

Wenye msiba wakataka watu wa mjini nao wapate kula. Wakatafuta Mwislamu wa kuchinja.

Aliyechinja ni mimi.

"Unaniuliza nini," karani aliniambia leo, "na wewe ndiye shahidi wa msimamizi? Jina lako limo kitabuni, la kwanza. Kisu kilikuwa mkononi mwako."

"Kisu nilipewa na wenye msiba."

"Hayo utamwambia Bwana Mkubwa wa boma."

Karani si mtu mbaya. Alipokwisha kufunga mlango aliteremsha sauti, akasema Bwana Mkubwa hukubali kusikiliza ikiwa kilichopokelewa kimerudishwa, mbele ya watu, kabla ya siku ya mashauri. Siku hiyo ni Jumatatu.

Nilifika Miyuji adhuhuri. Malogo, kaka yake Ndahani, alikuwa anatengeneza boma la ng'ombe kwa miiba. Nilimweleza yote. Akacheka kidogo.

"Msimamizi anamtaka ng'ombe wake? Aje amtafute vichakani huko. Kila aliyemla alikiacha huko kipande chake."

"Malogo, acha," mama yake alimwambia kutoka kivulini. "Mgeni hajapewa hata maji."

Nikasema hawatamrudisha yule, watarudisha mwingine wa kufanana naye. Malogo akaacha miiba. Akasema kumrudisha mnyama wa msiba ni kumwambia msimamizi usoni, umeua. Nikamjibu kwamba shauri lenyewe ndilo hilo, na bila hilo hakuna la kusema Jumatatu.

"Ndugu yangu hakulewa," akasema. "Hata uji hakuwa amekunywa siku hiyo. Watoto wake wasikue wakiambiwa baba yao alikufa kwa pombe. Nataka hilo liandikwe, kama lile lilivyoandikwa."

Wana ng'ombe watatu. Mmoja anakamuliwa kwa ajili ya watoto wa marehemu, mmoja bado ni ndama. Wa tatu ni fahali mwekundu.

"Mpelekeni mwekundu," mama alisema.

Mwekundu alikuwa wa Ndahani. Alimpata kwa kazi ya reli hiyohiyo. Hakuna aliyelisema hilo. Nimelijua baadaye, Malogo aliponisindikiza hadi njiani. Basi marehemu mwenyewe ndiye anayetoa ng'ombe ili kifo chake kisikilizwe.

Nakiri hapa ambalo sikulikiri Miyuji. Miaka yote hii kazi yangu ni kuuliza. Siku ile nilimwona nyapara akiwatazama walaji mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza kama mtu anayehifadhi majina. Nilimwona, nikanawa mikono, nikala. Swali moja tu lingetosha, mbele ya wazee wote: pole hii ni ya nini, na inaishia wapi? Sikuliuliza kwa sababu nyama ilikuwa tayari na mimi nilikuwa mgeni wa heshima.

Wakati wa kurudi nilizunguka kwa upande wa Kizota. Gari lile liko kazini. Matundu yale manne ni matupu vilevile. Limewekewa gogo jipya, na kuna watu watatu wanalisukuma.

Gazeti la pwani litapata habari hii yote, pamoja na jina la aliyechinja.

Jumapili alasiri Malogo atamfikisha fahali mwekundu kambini, pamoja na wazee wawili na wale wawili walioruka. Nitakuwepo, nitaandika majina ya watakaoona akipokelewa. Na akikataliwa, nitaandika aliyemkataa na maneno yake. Jumatatu saa mbili asubuhi ni boma. Shahidi wa kwanza wa msimamizi ni mimi. Nitaanza na matundu manne, kisha kutu, kisha kisu.