Nani Atambatiza Glorious

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Hata begi sijafungua, nimeshakasirika. Mama mkwe amempokea Glorious mlangoni, akamrusha juu: "Karibu kapagani kangu!" Watu wakacheka. Hamphrey naye akacheka. Mume wangu! Mtoto ana miezi saba, hajabatizwa, basi ndiyo awe mpagani?

Tulikubaliana. Mimi Mkatoliki wa Mbinga, yeye Mwanglikana wa hapa Lipingo. Ndoa tulifungia bomani ili kusiwe na kelele za ukoo. Mtoto akija, tulisema, tutakaa wawili tuamue wawili. Hatujakaa. Mimi na madarasa yangu kule kijijini Ruanda, tunakoishi, yeye na pikipiki yake ya ugani, mashambani kutwa. Lakini kama hatujakaa, haina maana mtu mwingine akae kwa niaba yetu.

Nimeenda kanisani kwao na tawi langu. Nyimbo karibu zote nazijua. Wao wanavuta tu, wanachelewa kumaliza.

Jumanne, 15 Aprili

Marehemu baba mkwe alikuwa mwinjilisti. Alitumikia makanisa manne ya ufukwe huu na kikanisa kimoja cha bati kwenye kisiwa cha wavuvi. Basi kila Juma Kuu Mama anawazungusha watoto wake kote huko. Kusali, kufagia, kuweka maua, kula. Leo tumekwenda mawili kwa miguu, Glorious mgongoni, mchanga unaunguza. Kuzuri, siwezi kusema uongo. Ziwa limetulia, milima ya ng'ambo inaonekana.

Lakini kila kanisa Mama anasimama kwenye kisima cha ubatizo. "Hapa alibatizwa Hamphrey." "Hapa Lidia." Halafu anautazama mgongo wangu. Lidia, wifi yangu, anakohoa. Mimi natazama dari.

Si angesema tu!

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimemuuliza Hamphrey, kuna jambo? Akajibu hakuna, eti mimi ninawaza sana. Ninawaza sana! Wanaume wana jibu moja wanaazimana.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Waliahidi leo twende wote kigango chetu cha Kikatoliki, Njia ya Msalaba. Kulipokucha kila mtu ana udhuru. Nimekwenda na Glorious peke yetu, vituo vyote juani. Kina mama wa pale wamenipokea vizuri, mmoja akanishikia mwavuli mpaka mwisho, na wala hanijui.

Narudi nyumbani — wanawake watano wanatwanga muhogo. Ijumaa Kuu! Unga wote huu wa nini? Wifi akasema wa Pasaka. Mbona mwaka jana Pasaka tulikula wali? Akainama kwenye kinu.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Taa inafifia. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi Mama akasema miguu imevimba, visiwani hawezi. Mimi na Lidia tupeleke matawi kule kikanisani. Mtoto abaki, ziwani upepo. Hamphrey akasema nenda mama Glorious, pumzika kidogo, uji nitampa mimi. Nikaona, haya! Leo wananijali.

Dereva wa boti anaitwa Ignatio, mtu wa maneno machache. Kisiwa cha kwanza ni mawe na ndege tu. Maji meupe mpaka unaona samaki wa bluu wanazunguka miamba. Lidia akanipiga picha. Nilitia miguu majini nikacheka. Niliandike hili nisije nikalisahau: nilifurahi. Kama mjinga.

Kisiwa cha pili ndicho cha wavuvi. Tumefagia kikanisa, tumeweka matawi, tumesali. Tunatoka, akaja mama mmoja mkausha samaki, Marselina. Shikamoo, marahaba. Akanipa kikapu cha mbasa waliokaushwa vizuri, kimefungwa kwa jani la mgomba. Zawadi ya mtoto, akasema. "Mimi sitaweza kuja, lakini saa kumi akimwagiwa maji nitakuwa naomba hukuhuku."

Akimwagiwa maji?

Nikamgeukia Lidia. Anatazama ziwa.

"Lidia."

"Wifi, Mama ndiye..."

"LIDIA!"

Akasema yote. Padri wao ameambiwa mama wa mtoto anaumwa, ila ameridhia. Gauni jeupe limeshonwa tangu mwezi wa pili. Tangu mwezi wa pili! Mimi nampigia Mama simu kila Jumapili, namuuliza hali, naye anashona.

Ubatizo ni mmoja. Hata kwetu hawamwagii maji mara ya pili. Ikishapita, imepita.

Nikamwambia Ignatio turudi. Akajikuna kichwa. Ameambiwa atupeleke na kisiwa kingine, aturudishe jua likizama. Ameambiwa na nani? "Na Baba Glorious."

Sikulia. Maziwa yalikuwa yamejaa, yanauma, blauzi imelowa mbele, na mimi nimesimama mbele ya wavuvi nimeshika kikapu cha samaki. Nikasema kama hanirudishi nitaomba mtumbwi wowote, nipige kasia mwenyewe, nizame huko, wakabatize na maiti yangu. Wavuvi wakaacha nyavu wakatutazama.

Ignatio akamwangalia Marselina. Marselina akawa mkali kuliko mimi: "Mtoto wake huyo! Unangoja nini?"

"Panda, mama," akasema Ignatio. Akawasha injini.

Njiani Lidia analia. Mimi natazama mbele tu. Boti inagonga mawimbi — paa, paa — na naona haiendi.

Kanisani walikuwa wameshaanza. Nimeingia peku, sketi imelowa mpaka magotini. Mama yuko kisimani na Glorious ndani ya gauni jeupe, anajitahidi kula utepe. Hamphrey kashika mshumaa. Aliponiona uso ukamshuka.

Padri Clemence akauliza, huyu ni nani?

"Mimi ndiye mama yake, Padri. Siumwi. Wala hakuna aliyeniuliza."

Padri akamtazama Mama, akamtazama Hamphrey. Akafunga kitabu. Taratibu, bila kugomba. Akasema kwa hali hii hawezi, mzungumze nyumbani kwanza. Nikamchukua mwanangu. Akaanza kutafuta titi palepale, nikakaa benchi la mbele nikamnyonyesha, kanisa zima linaona. Wacha waone!

Hamphrey akaja akaninong'oneza: "Umenitia aibu."

Nimemtia aibu. MIMI!

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kristo amefufuka na mimi sisemeshwi. Wageni wamekula ugali wa muhogo kama matangani. Watoto tu ndio walikuwa wanakimbia huko nje.

Mchana Mama amekuja chumbani. Ameketi chini kwenye mkeka, mimi kitandani. Nikashuka, sikuweza kukaa juu yake hata kwa hasira zile. Akaniambia jambo ambalo Hamphrey mwenyewe halijui vizuri. Kabla ya Hamphrey alizaa mtoto wa kiume. Alikufa na miezi minane, hajabatizwa, baba mkwe alikuwa safarini kwenye makanisa yake. Wazee wa enzi zile walikataza kengele ya kanisa isipigwe. Akazikwa pembeni, bila wimbo. "Glorious anaingia mwezi wa nane, mwanangu. Silali."

Nimemshika mkono. Mkono mgumu, una harufu ya sabuni. Nimelia naye.

Na bado nina hasira! Pengine sasa zaidi. Angeniambia haya siku ya Matawi ningeelewa. Pengine ningemshika mtoto mwenyewe pale kisimani. Badala yake aliona rahisi kuniweka kwenye boti. Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema, "Ungekataa." Nikasema, "Hujui. Na sasa hutajua."

Jioni nikampigia Baba, Mbinga. Nilitaka tu kusikia sauti ya kwetu. Nikamweleza yote. Mzee Urbani kafurahi, sijamsikia hivyo muda mrefu. Umefanya vema binti yangu! Walitaka kutuwahi hao! Njoo kesho na mtoto. Paroko wameshaongea naye, Jumapili ijayo, msimamizi amepatikana, Melkior kaka yako ameshanunua mshumaa.

"Baba, mlipanga lini?"

"Tangu Kwaresima."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Tukuulize nini, Ottilia? Wewe si Mkatoliki?"

Nimekata simu. Sijawahi kumkatia Baba simu maisha yangu yote.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili. Kitai

Hamphrey alinisindikiza Mbamba Bay alfajiri, kabeba begi. Basi lilipowashwa ndipo akasema. Mama alimbembeleza, alimlilia, akachoka. "Nilidhani ukikuta imeshafanyika utakasirika siku mbili tatu, halafu basi."

Siku mbili tatu! Kumbe ndivyo anavyonipima. Nimemwambia kwamba mama yake ana sababu yake, chungu lakini ya kweli. Wewe Hamphrey sababu yako ni ipi? Akaninyooshea begi. Nikapanda.

Mbinga stendi mvua inanyesha. Nikawaona dirishani, Baba na Melkior, wamejibanza chini ya kibaraza. Baba kavaa koti lake la kanisani. Konda akaita, mama wa Mbinga, unashuka? Nikamwambia niongeze mpaka Kitai. Basi likaondoka. Baba akaniona. Akainua mkono kama anayesimamisha gari.

Sasa niko Kitai kwa mama muuza chai, nangoja usafiri wa Ruanda. Glorious anatafuna chapati kwa fizi. Simu imelia mpaka nimeichoka. Nilipokea mbili tu. Hamphrey amenifuata, yuko kwenye basi la nyuma. Baba amepakiwa na Melkior kwenye pikipiki, kwenye mvua hii, mzee wa umri ule!

Wamefika wao kwanza. Nimesimama: shikamoo Baba. Marahaba. Koti linachuruzika. Akanyoosha mikono yote miwili amchukue mjukuu. Sikumpa. Mikono ikakaa hewani, mama wa chai akajifanya anachochea moto, Melkior akasema weee Ottilia, hata Baba? Nikasema hata Baba.

Nimemwagizia chai. Ameketi benchi hilihili, anatazama ninavyoandika. Naandika ili nisije nikamjibu vibaya.

Basi la Mbamba Bay linaingia. Hamphrey katoa kichwa dirishani anatutafuta. Bado hajatuona. Baba kamwona, ameweka kikombe chini na anasimama. Nimemwambia, kaa Baba. Leo nitaanza kuongea mimi.