Mataruma Kumi ya Bi Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako hajambo, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini sijatia sahihi ombi la jirani yetu, Bi Zuhura, anayetaka kiwanja cha reli ya zamani hapa Mabawa kiwe bustani ya wanawake, kisigeuzwe maegesho ya malori.

Treni zilipoacha kupita, mimi na yeye tulikuwa wasichana. Watu wa mtaa waligawana ukingo wa reli kwa kuhesabu mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma: kila mmoja kumi. Mchicha wangu ulinyauka, wake ukastawi. Nikamwambia mbele za watu kwamba ameniibia taruma.

"Haya, hesabu, shoga," akasema. "Na yako uyahesabu."

Nikahesabu. Yake yalikuwa kumi. Yangu yalikuwa kumi na moja. Watu wote walicheka, isipokuwa yeye.

"Baki nalo tu," akaniambia. "Udongo wako una chumvi."

Afadhali angecheka. Hadi leo ninamwonea wivu, wala si kwa mchicha. Hata ombi lake, mimi niliyefundisha sarufi nimelisoma mara tatu nikitafuta kosa, na sikuliona.

Karatasi ipo mezani, na majina ya majirani wote yamo isipokuwa langu. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kwanza.

Bibi yako