Ni Nani Aliyekosa Amani

Mwaitu,

Mama yangu, nakuandikia nikiwa dukani, cherehani yako iko mbele yangu na mlango nimeurudisha nusu ili watu wafikiri nimeenda kula. Nimechoka kukuongelesha kichwani. Kichwani huwa unanijibu vile ninavyotaka, na siku hizi siamini majibu yanayokuja vile ninavyotaka.

Nianze na habari za hapa Kitengela. Tangu tukuzike malori yamezidi kwenye barabara ya Namanga, vumbi halitulii, na kila asubuhi napangusa vitambaa kabla ya kuvitundika nje. Abdi bado ni jirani yetu, mbuzi wake nyuma na mkewe mbele na maziwa na sukari. Kanini, kitinda mimba wako, amepata mchumba. Anaitwa Denis, mtu wa Ngong, kazi yake ni kuweka vioo vya madirisha. Na kanisani wanasema karama yako imenishukia mimi.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Lilianza na Mama Mutua. Alikuja kushonewa sare mpya ya akina mama, nikampima kiuno, na bila kufikiri nikamwambia, "Mama, wewe siku hizi huli." Akaketi kwenye lile stuli lako akalia. Kumbe mumewe ameachishwa kazi na bado hawajawaambia watoto. Jumapili akasimama na ushuhuda kwamba ile karama ya kupambanua roho iliyokuwa juu yako sasa iko juu ya Mwende. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaniita mbele akaniwekea mkono kichwani, nami nimefumba macho nikiwaza kwamba sketi iliyombana Mama Mutua wakati wa Pasaka sasa inamzunguka kiunoni. Nani angekosa kuona?

Hapo ndipo nilipoanza kukushuku, Mama. Si neno zuri kumwambia mtu aliyelala, lakini kukuficha siwezi.

Nilianza kuwakumbuka watu mmoja mmoja. Yule msichana wa kwaya, uliyesema kwenye maombi ya Ijumaa kwamba Bwana amekuonyesha uhai mwingine ndani yake. Wiki hiyo hiyo ulikuwa umempima gauni, na aliyeshika upande wa pili wa tepu ni mimi. Yule mzee wa kanisa uliyesema anabeba huzuni ya siri. Ulikuwa umempunguzia koti, tena kwa mara ya pili. Kila niliyemkumbuka alikuwa amepita mikononi mwako kwanza. Wewe una pini mdomoni, macho chini, huongei, na watu husahau kwamba fundi anawaona. Halafu Ijumaa unasimama, sauti inabadilika, na unasema, "Bwana ananionyesha."

Ulijua, Mama? Ama mikono iliona, kichwa hakikuambiwa, na Ijumaa ilipofika ukaisikia kama sauti kutoka juu? Nauliza kwa sababu hata mimi kwa Mama Mutua sikuwaza. Maneno yalitoka tu. Nikienda polepole naweza kurudi nyuma nikaona yalipotokea, lakini wakati ule sikuona njia yoyote, na mtu akiniambia ni Roho, ningeweza kuamini kwa furaha.

Siku moja nilimuuliza Abdi anajuaje mbuzi mgonjwa kabla hajaanza kukohoa. Akacheka. "Mimi naangalia tu, dada. Mbuzi iko na vile inasimama. Ukikaa na yeye miaka mingi, jicho inajua mbele yako." Nikamuuliza kama ni Mungu anamwonyesha. Akasema, "Si ni yeye alinipa hii jicho? Lakini nikikosea kwa mbuzi, nasema ni mimi nimekosea." Akarudi kwa mbuzi wake. Mimi nilibaki na hilo jambo siku nzima, kwa sababu sikukumbuka hata mara moja wewe ukisema umekosea.

Sasa nifike kwa Kanini. Desturi ya kanisa letu unaijua kuliko mimi, lakini nataka niione kwenye karatasi. Hakuna ndoa inayotangazwa kabla jina la mchumba halijapelekwa kwa mwenye karama. Mwenye karama ulikuwa wewe. Unaliombea, kisha unarudi mbele ya kamati na neno moja kati ya mawili: nina amani, au sina amani. Hakuna anayeuliza kwa nini, maana anayeuliza anaonekana kama anamhoji Mungu. Harusi zilipita au zikafa hapo, na watu wakaenda nyumbani wakimshukuru Bwana.

Jina la Denis lililetwa kwangu. Mchungaji alinipa likiwa limekunjwa, akasema, "Usiharakishe, Mwende. Lakini Ijumaa kamati itataka kusikia." Namna alivyolitamka hilo "usiharakishe" haikunipendeza. Kanini ndiye anayeongoza kwaya, na akiolewa Ngong kwaya itabaki bila mtu. Labda namwonea Mchungaji. Siku hizi nashuku hata anayenisalimia vizuri.

Denis alikuja kupimwa suti ya harusi. Unajua wanaume wanaoshonewa suti mara ya kwanza: huja na ndala au na viatu vya kazi, nasi huwarudisha nyumbani, kwa sababu suruali hupimwa na kiatu kitakachovaliwa. Kanini alikuwa ameniambia, akicheka, kwamba mtu wake hajawahi kuvaa suti maishani. Basi huyo mtu wake alikuja na viatu vyeusi ndani ya mfuko, akavivaa kabla sijasema lolote, akainua mikono, akageuka pale pa kugeuka, akaliachia tumbo, kama mtu aliyezoea kupimwa. Nikamuuliza kama amewahi kushonewa suti. "Hapana, hii ndio ya kwanza," akasema, akiangalia mbuzi wa Abdi nje.

Mikono yangu ikakataa, Mama. Hakuna namna nyingine ya kusema. Nilimaliza kumpima, nikaagana naye, nikajua kwamba sina amani. Nilijua kwa uhakika ule ule uliokuwa kwenye sauti yako. Ningeweza kwenda mbele ya kamati saa hiyo hiyo nikayasema maneno hayo mawili, na Kanini angerudisha pete.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kukushuku wewe, na ukimshuku mama yako huwezi kujiacha wewe mwenyewe nje. Kanini akienda Ngong, nani ataniachia taa ya jikoni ikiwaka? Nani ataimba bafuni akinichelewesha? Huko kukosa amani kulikuwa kwa Bwana, au kulikuwa kwa dada mkubwa ambaye hakuolewa na anaona nyumba inabaki tupu?

Na hapo, Mama, nikafika kwa Lemayian, aliyetaka kunioa. Hatujawahi kulizungumza, mimi na wewe. Alikuja kutoka Kajiado na shati lake la buluu, ukampikia, ukamtengenezea hata mfuko wa suruali uliokuwa umetoboka. Alikuita "yeyo" kama wanavyomwita mama kwao, na ukacheka. Nilifikiri umempenda. Ijumaa ukasimama mbele ya kamati ukasema huna amani, nami nilikuwa nimeketi safu ya pili. Sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikakusaidia kukunja vitambaa.

Alioa mwingine. Wako Kajiado na watoto wao. Siku tulipokuzika alikuja, akashika koleo akatupa udongo mpaka jasho likamlowesha, na mkewe akanikumbatia. Nimewatazama wale watu nikitafuta ule ubaya uliouona. Nimetafuta kwa jicho baya kabisa, kwa sababu nilitaka uonekane ulisema kweli. Sijaona kitu. Ninachokiona nikirudi nyuma ni wewe umeanza kulalamika kwamba macho yanakusumbua na huwezi kuingiza uzi kwenye sindano, na Kanini bado yuko shule, na mimi ndiye niliyeijua kazi. Mwaitu, ulikosa amani kwa ajili yangu, au kwa kuogopa kukosa fundi?

Nimeliandika sasa.

Ningependa nikukasirikie niishie hapo, lakini siwezi kwa sababu ya yule msichana wa zipu. Hukuwahi kumpima. Alikuja kununua zipu moja nyeusi, hatumjui, ukamtazama usoni kidogo ukakataa kumuuzia. Ukasema, "Keti kwanza unywe chai, zipu haiendi mahali." Mimi niliona aibu. Alikaa mchana wote akikusaidia kufumua mishono, haongei sana. Baadaye sana alirudi na mtoto mgongoni, akakwambia siku ile alikuwa ameamua jioni isimkute hai. Nilipokuuliza ulijuaje, ulisema, "Sikujua kitu. Sikutaka tu aende." Hukulisema kanisani. Zile zote ulizozisema kanisani naweza kuzieleza, na hii moja nisiyoweza kuieleza hukumpa mtu, wala hukuweka jina la Bwana juu yake. Nimeiwaza sana. Kama kuna siku ulikuwa na karama, nafikiri ni siku ile uliposema ni wewe usiyetaka aende.

Basi sikungoja Ijumaa. Nilimwita Kanini hapa dukani, nikamwambia aketi. Nikamwambia habari ya viatu, ya mikono iliyoinuliwa, ya jibu lililotolewa kwa mbuzi. Nikamwambia pia kwamba sitaki aende Ngong, kwa hivyo ayapime maneno yangu akijua hilo. "Hii ni mimi nasema, si Mungu," nikamwambia. Alinikasirikia. Alisema, "Wewe umemwona na kiatu tu umeshamfunga jela." Akaondoka bila kunywa chai.

Kesho yake Denis alikuja peke yake. Alikaa kwenye stuli, mikono katikati ya magoti. Ni kweli alishawahi kushonewa suti, kule Ngong, kwa harusi yake na msichana mwingine. Kadi zilikuwa zimetumwa. Kisha mama mmoja wa maombi wa kanisa la msichana akasema hana amani, na ikaisha hivyo, bila sababu. Suti hakuivaa hata siku moja. "Nilijua nikiwaambia, mtasema Mungu amesema mara mbili," akaniambia. Kanini hakuwa anajua. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kumwambia.

Unaona, Mama? Mikono yangu iliona kweli. Kulikuwa na jambo. Lakini jambo lenyewe lilikuwa sisi, watu kama wewe na mimi. Nilimwamini, halafu dakika hiyo hiyo nikaacha kumwamini, maana inawezekana yule mama wa Ngong aliona kitu cha kweli. Au naye anauza nguo mahali na ana macho. Au na yeye alikuwa na binti wa kumbakisha. Sitajua. Alinidanganya mara moja nikimwangalia, na hilo sijalisahau.

Ijumaa nilisimama mbele ya kamati nikasema sina neno kutoka kwa Bwana kuhusu Denis. Nikasema nilichokiona kama dada nimeshamwambia Kanini, naye ni mtu mzima. Mzee mmoja akauliza, "Lakini uko na amani ama hauna?" Nikamjibu, "Hiyo yangu, mzee, haiwezi kusaidia kamati." Mchungaji akafunga kwa maombi mafupi. Sasa wanasema karama imezimika ndani yangu kwa kutotii, na kazi ya sare za akina mama imepelekwa kwa fundi wa pale karibu na stendi. Mama Mutua peke yake ndiye bado anayekuja.

Kanini ameahirisha harusi. Hajaivunja. Amesema atakaa na Denis, wazungumze mpaka waishiwe, ndipo aamue, na akiamua hatapeleka jina kwa mtu. Jana tukiosha vyombo akaniuliza, bila ubaya, "Na ile yako ya Lemayian? Ilikuwa Mama ama ilikuwa Mungu?" Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikasema sijui, na nikaona uso wake ukinihurumia, na huruma hiyo ilinichoma kuliko ile Ijumaa ulipomkataa.

Nakupenda, Mama. Nataka ulijue hilo pamoja na haya mengine yote. Nakuahidi nitaendelea kuangalia watu, maana siwezi kuacha, mikono yangu imekuwa ya kwako. Lakini nitakachokiona nitakisema kwa jina langu, na nikikosea nitakosea kwa jina langu. Na kama siku moja Bwana atasema nami kweli, namwomba aseme jambo ambalo mimi silitaki, ndipo nitajua si mimi.

Pumzika, mwaitu. Siku tutakapoonana nitakuuliza juu ya Lemayian kabla hata ya kukusalimia. Usinijibu kwa niaba ya Bwana. Atakuwa papo hapo, anaweza kujisemea. Nijibu wewe.

Mwanao,
Mwende