Mayai ya Baba Ongeri

Nyansiongo,
14 Machi 1971

Kwako Baba Ongeri,

Pokea salamu nyingi. Sisi huku tungali tunapumua, na mvua imeanza. Je, kifua chako kimepona? Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenitoa gizani.

Ongeri ni mgonjwa. Tangu nimwachishe ziwa kwa sababu ya mimba hii, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi, na hacheki. Mama yako anasema ni amasangia, kwamba nimelala nje na mtoto ndiye anayelipa. Mungu anajua sijatoka nje ya boma hili. Mwalimu Manasseh alitugawia kijitabu cha afya, na ukurasa wa tisa una picha ya mtoto kama wetu hasa. Kinasema si laana, ni mtoto anayeshibishwa uji mtupu. Apewe yai, maharagwe, maziwa. Lakini maziwa yote yanapanda gari la maziwa, na mayai mama ameyafungia, ati ni yako ukija likizo. Mwandikie neno moja tu, aniachie yai moja kwa siku.

Mkeo,
Mama Ongeri

Nakuru,
2 Aprili 1971

Kwa Mama Ongeri,

Salamu. Kifua kimepona. Barua yako niliwasomea wenzangu ofisini, tukacheka mpaka machozi. Juzi hukujua hata herufi moja, leo unamfundisha mama aliyelea watoto saba? Na huyo Manasseh, kwa nini anawagawia wake za watu vitabu? Leo ni yai la mtoto, kesho utataka kula kuku kama mwanamume.

Kijitabu kitiwe motoni. Wewe nenda kwa baba yako Sironga. Mtoto abaki, ni wa boma letu. Aliyemletea ugonjwa akiondoka, atapona.

Mumeo,
Baba Ongeri

Sironga,
9 Mei 1971

Baba Ongeri,

Natumaini u mzima. Mimi nimetii, niko kwa baba.

Sabato iliyopita nilitembea mpaka Nyansiongo na maharagwe ya kupondwa kwenye kibuyu. Mama yako alinizuia langoni. Ongeri aliketi mlangoni, akanitazama, hakuinuka. Nakupigia magoti. Usinipende, sawa, lakini mwandikie mama.

Mama Ongeri

Sironga,
30 Mei 1971

Baba Ongeri,

Hujambo? Hujajibu. Yai moja tu.

Mama Ongeri

Nakuru,
21 Juni 1971

Mama Ongeri,

Pole. Nimepata habari kwamba mtoto ametutoka. Kazi ya Mungu haina makosa. Mimi sikupata ruhusa kazini. Wewe ulifika mazishini? Mama anasema ulichelewa kuondoka, uchafu ulikuwa umeshamwingia. Nimekusamehe. Rudi uzae kwetu.

Mumeo,
Baba Ongeri

Sironga,
4 Julai 1971

Abner,

Afya yako siiulizi.

Nilifika. Walimzika kando ya migomba, na kwa kuwa hukuwepo, nitakueleza. Mama yako alichinja kuku wako wanne kuwalisha waombolezaji. Chini ya kitanda chake nilikuta kapu lako la mayai. Yalikuwa arobaini na moja. Niliyatikisa moja moja, na yote yalikuwa viza. Kisha nikaketi jikoni mbele ya wanawake wote, nikala paja la kuku mpaka mfupa. Hakuna aliyethubutu kuninyang'anya.

Kijitabu mama yako alikichoma mwenyewe. Lakini ukurasa wa tisa nilikuwa nimeunakili kwenye daftari la kisomo, neno kwa neno, na nimekunakilia nyuma ya karatasi hii. Wasomee wenzako ofisini, mcheke tena.

Nimejifungua Alhamisi, msichana. Ng'ombe wako sita wa mahari baba amewatoa zizini, ndugu yangu Makori anawaswaga hadi Nyansiongo Jumatatu, wote, hata yule aliyezaa. Kwa hiyo mtoto si wa boma lenu, na usitume mtu kumfuata. Kila asubuhi nakula mayai mawili, naye ananyonya mpaka analala.

Mama Mokeira