Jioni Mama Alipotupotea Mtaa wa Makanisa

Ghorofa ya pili, juu ya fundi saa,
Mtaa wa Zamani.
14 Juni

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu, au bado unalala sakafuni? Wifi naye hajambo? Huku tu wazima, ila mafua yamenikausha sauti na wanafunzi wangu wanasherehekea.

Mama amefika salama. Kama tulivyokubaliana, nilimgusia habari ya kuhamia kwangu. Akakunja uso, basi. Tangu tumzike Baba amekuwa hivyo: maneno mawili, kisha kimya.

Juzi nikamtembeza mtaani. Makanisa hapa yamebanana na nyumba za watu hadi nguo zinaanikwa karibu na kengele. La kwanza lina kuta zilizoota ukungu; la pili, ngazi zake zimelika katikati kwa viatu vya watu. Mama alitazama tu. Katika la tatu nilisimama kusoma maandishi ya ukutani. Kugeuka, hayupo.

Kaka, nilichanganyikiwa. Simu kaiacha nyumbani, na vichochoro vyote vinafanana. Nilirudi kanisa la pili, nikarudi la kwanza, jasho linanitoka. Mlinzi wa hapo ndiye aliyeniokoa.

"Mama wa kilemba cha kijani? Kateremka uwanjani, kwenye kelele."

Nilifika taa zikiwashwa. Meza zimejaa, mpiga gitaa yuko kazini, na Mama kaketi kati ya wacheza karata, kamshika mkono kinyozi wetu.

"Mwizi wewe! Hiyo umeitoa wapi?"

Kinyozi anaapa, wenzake hoi kwa kicheko. Mama naye anacheka, kile kicheko chake cha kujipiga mapaja.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Badala yake nikavuta kiti.

"Ulinitia presha, Mama."

"Nilisikia watu wanacheka, nikafuata. Kaa, unanizibia taa."

Jana asubuhi, tukinywa chai, akasema bila kuniangalia, "Baba yenu angewapenda wale wahuni." Alikuwa hajamtaja tangu msiba. Kisha akauliza vitanda vinauzwa wapi.

Kwa hiyo usimpigie kumshawishi, utaharibu.

Nisalimie wifi, na umwambie mwanao shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike nyote na akunyooshee huo mgongo.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitinda mimba wenu